Tatami Sita na Kilemba: Msamiati wa Ukubwa na Gharama ya Nyumba za Kupanga Nchini Japani

Utangulizi

Kwamba nyumba za Wajapani ni ndogo na ghali ni kauli iliyoenea mno, kiasi kwamba aghalabu hupokewa bila kuhojiwa. Mfasiri anayekutana na chumba cha kupanga katika riwaya ya Kijapani huandika "chumba kidogo" na kuendelea na kazi yake, asijue kwamba mwandishi alitaja kipimo kamili ambacho msomaji wa Kijapani anakiona akilini mithili ya picha. Makala haya yanadai kwamba ukubwa na gharama ya nyumba hizo haviwezi kueleweka barabara pasipo kuyachunguza maneno yenyewe yanayovitaja. Yanadai pia kwamba Kiswahili kimejiandaa kuyapokea baadhi ya maneno hayo kuliko tunavyodhani, na kwamba istilahi moja ngumu kuliko zote katika mkataba wa upangaji wa Kijapani ina kisawe chake katika Kiswahili cha pwani tangu zamani.

Suala hili lina uzito hata nje ya darasa la fasiri. Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka, na wapo Wakenya wanaokwenda Japani kusoma kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo. Mwanafunzi wa aina hiyo anapotoka katika bweni hulazimika kusoma tangazo la chumba lenye maandishi yasiyozidi mistari minne, kisha atie sahihi mkataba wa kurasa nyingi. Neno moja asilolielewa linaweza kumgharimu posho ya mwezi mzima.

Tatami kama kipimo

Tatami ni tandiko gumu la mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa, likafunikwa kwa mkeka wa nyasi laini ziitwazo igusa na kushonewa pindo la kitambaa. Unene wake wa kawaida ni kiasi cha sentimita 5, na urefu wake ni maradufu ya upana. Haitandikwi asubuhi ikakunjwa jioni kama mkeka wetu. Hupachikwa mahali pake ikawa ndiyo sakafu yenyewe, na kwa hiyo chumba cha jadi husanifiwa kwa kuhesabu ni tatami ngapi zitakazoingia. Kutokana na desturi hiyo Wajapani walipata kipimo cha eneo kiitwacho "jo", yaani eneo la tatami moja. Kipimo hiki kimedumu hata pale ambapo tatami zenyewe zimetoweka: chumba chenye sakafu ya mbao, kitanda na meza, bado hutangazwa kuwa ni cha jo sita.

Tatizo ni kwamba tatami hazilingani. Ile ya Kyoto ina urefu wa sentimita 191 kwa upana wa sentimita 95.5. Ile ya eneo la Tokyo ni kiasi cha 176 kwa 88, na ile iliyotumiwa katika majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa wingi baada ya vita ni kiasi cha 170 kwa 85. Tukizidisha, chumba cha tatami sita huko Kyoto kina takriban mita za mraba 10.9, ilhali katika ghorofa za baada ya vita kina takriban mita 8.7. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita mbili inatosha kuweka meza na kabati. Ili kuzuia udanganyifu, kanuni za matangazo ya nyumba nchini Japani ziliweka kwamba jo moja katika tangazo isipungue mita za mraba 1.62. Upo pia "tsubo", ambao ni tatami mbili, yaani kiasi cha mita za mraba 3.3. Huo hutumika zaidi katika bei za ardhi na majengo.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuuona mfumo huu kuwa kioja. Shibiri, dhiraa na pima ni vipimo vilivyotokana na mwili wa mtu, nao mwili haulingani na mwili. Katika nyumba za mawe za Lamu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo maana vyumba hivyo ni virefu na vyembamba. Kila jamii hupima nyumba kwa kile inachokijua.

Je, mfasiri aandike "chumba cha mikeka sita"? Tumeiona fasiri ya namna hii ikipendekezwa, na kwa sikio ni tamu. Hata hivyo, ina kasoro mbili. Kwanza, mkeka kwa Mswahili ni kitu kinachohamishika: mtu hutandika mikeka sita katika ukumbi mkubwa na ukumbi ukabaki mkubwa. Pili, mkeka hauna ukubwa maalumu, kwa hiyo idadi yake haimpi msomaji picha yoyote. Jamvi nalo ni kubwa zaidi na halina kipimo. Tunaona ni heri kulipokea neno tatami lilivyo, katika ngeli ya I-ZI, na kusema "chumba cha tatami sita", kisha mara ya kwanza tu msomaji aelezwe kuwa ni chumba cha kiasi cha mita tatu na nusu kwa mita mbili na robo tatu.

Tatami nne na nusu

Kuna idadi moja ambayo mfasiri wa fasihi hana budi kuijua: tatami nne na nusu, kwa Kijapani "yojohan". Nusu hiyo huwekwa aghalabu katikati, nyingine nne zikaizunguka, na chumba kikawa mraba wenye ubavu wa mita mbili na robo tatu hivi.

Mwaka 1212 mtawa Kamo no Chomei aliandika insha fupi iitwayo Hojoki, akieleza majanga aliyoyashuhudia mjini Kyoto na kibanda alichojijengea mlimani baada ya kuupa ulimwengu kisogo. Jina la insha hiyo linatokana na ukubwa wa kibanda: jo moja kwa jo moja. Hapa pana mtego wa homonimu. Jo hii si ile ya tatami. Ni kipimo kingine cha urefu, kiasi cha mita tatu, kinachoandikwa kwa alama tofauti ila kikatamkwa vivyo hivyo. Mfasiri anayetegemea sikio pekee angemweka mtawa wa watu katika eneo la tatami moja, asipate hata mahali pa kuweka vinanda vyake. Kwa hesabu sahihi, kibanda kile kilikaribia chumba cha tatami nne na nusu. Ukubwa huohuo ndio uliokuja kuwa kigezo cha chumba cha sherehe ya chai.

Tunaupata tena katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo. Mafundi, wachuuzi na vibarua wa jiji hilo walipanga katika nyumba ndefu za mbao zilizogawanywa vyumba kwa kuta nyembamba, na chumba cha kawaida kilikuwa na upana wa kiasi cha mita 2.7 na kina cha mita 3.6. Sehemu ya mbele ilikuwa sakafu ya udongo yenye jiko. Palipobaki pa kukaa, kula na kulala familia nzima ni tatami nne na nusu. Riwaya ya Tomihiko Morimi iitwayo Yojohan Shinwa Taikei, iliyoandikwa katika karne hii, imebeba kipimo hicho katika jina lake, na mhusika wake mkuu ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayeishi katika chumba cha namna hiyo mjini Kyoto. Basi kwa Mjapani msomi, "tatami nne na nusu" ni zaidi ya hesabu. Humkumbusha utawa, ufukara wa heshima na ujana. Kuifasiri kwa "chumba kidogo" ni sawa na kulifasiri neno "shamba" kwa "ardhi".

Herufi K, D na L

Tangazo la sasa la nyumba ya kupanga hutumia tarakimu na herufi: 1R, 1K, 1DK, 2LDK. Tarakimu ni idadi ya vyumba. K ni jiko, D ni mahali pa kulia chakula, L ni sebule, na R ni chumba kimoja kisichotenganishwa na jiko. Herufi zote zimekopwa kutoka Kiingereza, nasi tuliokopa "bedsita" hatuna la kuwacheka.

Mifano mingi ya ukopaji tunayopewa darasani haina tarehe. Huu unayo. Mwaka 1951 Japani ilikuwa na uhaba mkubwa wa makazi kutokana na mabomu ya vita, na serikali ilihitaji ramani ya nyumba za umma za bei nafuu. Msanifu Uzo Nishiyama alikuwa tayari amechunguza maisha ya watu katika nyumba finyu na kugundua kwamba hata walipobanana, walijitahidi kutolala mahali walipolia chakula. Juu ya msingi huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walisanifu ramani iliyojulikana kama 51C: vyumba viwili vya kulala na jiko lililopanuliwa kiasi cha kuingiza meza, vyote katika tsubo 12, yaani takriban mita za mraba 40. Shirika la Nyumba la Japani lilipoanzishwa mwaka 1955, liliueneza mtindo huo nchini kote. Jiko lenye meza halikuwa na jina katika Kijapani kwa sababu lenyewe halikuwapo, likaitwa DK. Kitu kipya kilikuja na jina la kukopa.

Leo herufi hizi zina mipaka. Katika nyumba yenye chumba kimoja cha kulala, jiko na mahali pa kulia haviwezi kutangazwa kuwa DK mpaka vifikie jo 4.5, wala kuwa LDK mpaka vifikie jo 8. Penye vyumba viwili au zaidi, viwango ni jo 6 na jo 10. Umbali nao umesanifishwa: "dakika tano kutoka stesheni" maana yake ni mita 400 au pungufu, kwa kuwa dakika moja ya kutembea huhesabiwa kuwa mita 80. Kanuni haisemi lolote kuhusu kilima wala taa za barabarani.

Maneno mengine mawili yanafaa kuangaliwa kwa jicho la isimu. "Apaato" ni jengo la mbao au la vyuma vyepesi, aghalabu la ghorofa mbili. "Manshon" ni jengo la zege, refu zaidi, lenye kuta zinazozuia sauti vizuri zaidi. Neno hili la pili lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya jumba la kifahari, likatumiwa na wauzaji kuyapamba majengo yao, na sasa manshon inaweza kuwa chumba cha mita za mraba 20. Maana imeshuka ngazi, kama inavyotokea kwa kila neno linalokabidhiwa dalali.

Udogo wenyewe

Mwaka 1979 ripoti ya ndani ya Jumuiya ya Ulaya ilizifananisha nyumba za Wajapani na vibanda vya sungura. Ripoti ilipovuja, Wajapani wenyewe waliudaka msemo huo na kuutumia kujikejeli. Takwimu, hata hivyo, zinaonyesha hali yenye sura mbili. Kwa mujibu wa uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018, wastani wa nyumba inayokaliwa na mwenyewe ulikuwa kiasi cha mita za mraba 120, na ule wa nyumba ya kupanga kiasi cha mita 47. Katika mkoa wa Toyama wastani wa nyumba zote ulizidi mita 140, ilhali Tokyo ulikuwa kiasi cha mita 66. Kwa hiyo anayesema "nyumba za Japani" bila kutaja ni za kupanga au za kumiliki, za Tokyo au za Toyama, hajasema kitu.

Mpango wa kitaifa wa makazi uliopitishwa mwaka 2021 uliweka mita za mraba 25 kuwa kiwango cha chini kwa mtu anayeishi peke yake, na 40 kuwa lengo kwa mjini. Vyumba vingi vya wanafunzi viko chini ya hizo 25. Mtu huingia, huvua viatu penye hatua moja ya sakafu, hupita jiko lenye moto mmoja upande huu na bafu la plastiki lililoundwa kiwandani upande ule, kisha hufika chumbani. Bafu hilo lilibuniwa kwa ajili ya hoteli moja ya Tokyo iliyokuwa ikijengwa mbio mbio kabla ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Mfano uliopita kiasi ni mnara wa Nakagin wa msanifu Kisho Kurokawa, uliokamilika mwaka 1972 ukiwa na vyumba 140 vya kiasi cha mita za mraba 10 kila kimoja, na kubomolewa mwaka 2022.

Wala udogo hautokani na uhaba wa nyumba kwa jumla. Uchunguzi wa mwaka 2023 ulikuta nyumba milioni 9 zisizo na wakazi, sawa na asilimia 13.8 ya nyumba zote. Nyingi ziko mikoani, ambako vijana wamehama. Mwaka huohuo wastani wa bei ya manshon mpya katika wadi 23 za Tokyo ulivuka yeni milioni 100. Kodi nayo hufuata mkondo huo: katika wadi za kati za Tokyo chumba cha 1K huweza kuzidi yeni 100,000 kwa mwezi, na katika miji midogo chumba cha ukubwa uo huo hupatikana kwa nusu ya hapo.

Kilemba

Kodi ya mwezi, pamoja na hayo, si sehemu inayomtesa mgeni. Tuchukue chumba cha mfano cha yeni 70,000. Siku ya kutia sahihi mpangaji hudaiwa kodi ya mwezi wa kwanza, "shikikin" ya mwezi mmoja, "reikin" ya mwezi mmoja, ada ya dalali ambayo huweza kufika kodi ya mwezi mmoja pamoja na ushuru wa asilimia 10, ada ya kampuni ya udhamini ambayo aghalabu ni nusu ya kodi, bima ya moto na kubadilishiwa kufuli. Tukikadiria hivyo viwili vya mwisho kuwa yeni 35,000, jumla ni yeni 357,000, zaidi ya kodi ya miezi mitano. Posho ya ufadhili wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili ilikuwa yeni 144,000 kwa mwezi katika miaka ya 2010 na baada yake. Chumba cha elfu sabini kinamtaka mwanafunzi posho ya miezi miwili na nusu kabla hajanunua sufuria.

Shikikin haina utata: ni amana, nayo hurudishwa mpangaji anapohama baada ya kutoa anachodaiwa. (Katika mazungumzo sote twasema "dipoziti", lakini amana ni neno zuri lisilostahili kuachiwa benki.) Arubuni haifai, kwani hiyo ni malipo ya kutangulia ya kufunga bei. Mfasiri wa Osaka na viunga vyake ajihadhari tu na "shikibiki", yaani sehemu ya amana ambayo mkataba umekwisha kutamka kwamba haitarudi.

Reikin ndiyo ngumu. Alama yake ya kwanza ina maana ya adabu na shukrani, ya pili ni fedha. Mpangaji humpa mwenye nyumba fedha za kumshukuru kwa kukubali kumpangisha, na hazirudi. Vitabu vya mwongozo huandika "fedha za shukrani", na msomaji hudhani ni bakshishi ya hiari. Sivyo. Asiyelipa hapewi ufunguo.

Kiswahili kina neno kilemba. Maana yake ya kwanza ni kitambaa cha kuzungushia kichwani, alama ya heshima. Kutokana na heshima hiyo neno likapanuka: kilemba ni ada ambayo mwanagenzi humpa fundi wake anapohitimu, na ni sehemu ya mali itolewayo kwa wazee wa bibi harusi. Hatimaye likaingia katika biashara ya nyumba, ambako kulipa kilemba ni kumpa mwenye nyumba au mpangaji anayeondoka kiasi cha fedha nje ya kodi ili upate nafasi ya kupanga. Safari ya kisemantiki ya maneno haya mawili ni moja: tendo la adabu limegeuka sharti, na jina la adabu likabaki kulifunika. Hatuoni sababu ya kubuni istilahi nyingine. Anayesoma "kilemba cha mwezi mmoja" anajua papo hapo kwamba ni lazima, kwamba hakirudi, na kwamba kinadaiwa kwa lugha ya heshima.

Huenda ikapingwa kwamba kilemba kwetu kina harufu ya malipo ya chini ya meza, ilhali reikin huandikwa wazi katika tangazo. Pingamizi hili lina ukweli, ila kinachotofautiana hapo ni hali ya malipo na wala si maana. Mkataba wa fasiri ukikiorodhesha kilemba baina ya kodi na amana, harufu hiyo itayeyuka yenyewe.

Baada ya miaka miwili huja "koshinryo", ada ya kuhuisha mkataba, ambayo Tokyo na jirani zake mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja. Mahakama Kuu Kabisa ya Japani iliihalalisha mwezi Julai 2011, mradi isipite kiasi. Nyumba za shirika la umma la UR, mrithi wa lile shirika la mwaka 1955, hazidai kilemba, ada ya dalali, ada ya kuhuisha wala mdhamini, lakini hutaka amana ya miezi miwili na uthibitisho wa kipato ambao mwanafunzi si rahisi kuwa nao.

Neno mdhamini lenyewe halina shida ya kufasiri. Shida ni kumpata. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba miongoni mwa wageni waliokuwa wametafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia, karibu wanne kati ya kumi walikataliwa kwa kuwa wageni, na idadi inayozidi hiyo kidogo walikataliwa kwa kukosa mdhamini Mjapani. Tangu Aprili 2020 sheria ya madai iliyorekebishwa inataka mkataba wa mdhamini binafsi utaje kikomo cha deni atakalobeba. Usipokitaja, ni batili.

Kifungu cha kuhama

Sheria hiyohiyo iligusa kifungu cha mwisho cha mikataba hii, kiitwacho "genjo kaifuku". Kifasiri sisisi ni "kurejesha hali ya awali", na ndivyo kinavyoandikwa katika fasiri nyingi. Mpangaji akikisoma hivyo huamini kwamba anadaiwa chumba kilekile alichokikuta: ukuta uliopauka kwa jua, tatami zilizofifia rangi, sakafu yenye alama za miguu ya kitanda. Amana yake yote ikikatwa, hulalamika rohoni na kunyamaza. Mwongozo wa serikali wa mwaka 1998 ulikwisha kueleza kinyume chake, na sheria ya 2020 ikaliweka bayana: uchakavu wa kawaida na wa umri ni juu ya mwenye nyumba, na mpangaji hulipia tu alichokiharibu kwa uzembe au kwa matumizi yasiyo ya kawaida, isipokuwa kama alikubali vinginevyo katika kifungu maalumu kilichoandikwa waziwazi. Fasiri inayofaa, kwa maoni yetu, ni "kutengeneza uharibifu uliosababishwa na mpangaji". Ni ndefu kuliko ya Kijapani, na inaliacha neno "awali" lililomo katika matini chanzi. Na tuliache.